Maganda ya Ndizi Nyuma ya Gari

Ng'ombe wa kwanza niliyemfunza mimi alitoka na kasoro iliyowachekesha watu njia nzima ya kuingilia Wete. Kila baada ya hatua kumi au kumi na mbili alisimama, akageuza shingo, akanitazama. Hakuwa mgonjwa na hakuwa mkaidi. Alisimama kwa adabu zake, kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha chenji dukani. Nyuma yetu gari za abiria zilipiga honi, na mimi, mtoto wa miaka 13, nilikaa juu ya magunia nikijifanya sijui kinachoendelea.

Gari lilikuwa la mjomba. Alibeba kila kinachobebeka: mchanga, mawe, kuni, makuti, magunia ya karafuu msimu ukifika, na mara moja kabati la biharusi lenye kioo ambalo mpaka leo sijui lilifikaje zima. Ng'ombe wake wa zamani alikuwa amezeeka, akanunua maksai mchanga mwekundu, mwenye nundu iliyolalia upande, akamwita Tajiri. Jina lilikuwa dua zaidi kuliko sifa.

Wenye magari wengi walifunza kwa henzirani. Mjomba naye alikuwa na fimbo, lakini sikumwona akipiga nayo kitu isipokuwa nzi. Wiki ya kwanza alimzoesha Tajiri kamba tu. Wiki ya pili akamfunga gogo la mnazi alikokote. Aliikaza kamba kidogo, kisha akangoja. Angengoja hata dakika tano, akiimba chini chini, mpaka mguu mmoja wa mbele unyanyuke. Hapo hapo alipiga ulimi kwenye kaakaa, tko!, kamba akailegeza, na mkono ukatoka kwenye kikapu cha begani na ganda la ndizi.

Mguu mmoja, ganda moja. Kesho yake miguu miwili. Keshokutwa ilibidi gogo lisogee ndipo ganda litoke.

"Mjomba, mbona unamlipa na hajafanya kazi?" nilimuuliza.

"Kanyanyua mguu."

"Kunyanyua mguu ndiyo kazi?"

"Jana hakuunyanyua," alisema, basi.

Kisha ukatokea msiba Unguja, mjomba akasafiri siku tisa, akaniachia Tajiri. Wakati ule alikuwa ameshavuka kutoka gogo hadi gari tupu. Nilifanya kila nilichomwona mjomba akifanya, ila jambo moja. Kikapu kilinichosha bega, nikakitundika nyuma ya gari. Tajiri akienda hatua kumi nzuri, mimi humwambia "ahsante baba," nikazunguka nyuma, nikachagua ganda, nikarudi mbele kumpa. Muda ninaofika, yeye ameshasimama na shingo ameigeuza kuangalia maganda yanatokea wapi. Nikampa. Akatafuna. Tukaendelea hatua kumi nyingine.

Mjomba aliporudi, nilimwonesha kazi yangu kwa fahari. Alitazama mzunguko mmoja, akatazama wa pili, kisha akakaa chini kwenye kivuli cha mwembe na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hukumfunza kwenda wewe," alisema. "Umemfunza kusimama akutazame. Na umemfunza vizuri, maana hakosei hata mara moja."

Ilichukua zaidi ya mwezi kuifuta tabia ile, na haikufutika yote. Hata alipokuwa ng'ombe mzima anayeheshimika, akichoka kwenye mpando utamwona anaanza kugeuza shingo kidogo, kisha anajirudi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu Unguja, mkufunzi alitusimulia habari za mwanasaikolojia wa Kimarekani aitwaye B.F. Skinner. Mwaka 1943, vita vikuu vimepamba moto, Skinner na wenzake walikuwa kwenye ghorofa ya juu ya kinu cha unga mjini Minneapolis, wakijaribu kuwafunza njiwa waongoze makombora. Siku moja wakataka njiwa aupige mpira wa mbao kwa mdomo wake. Wakangoja aupige ili wampe chakula. Hakuupiga. Walipochoka kungoja wakaanza kumlipa kwa kuutazama tu, kisha wakangoja kitu kinachokaribia zaidi kile wanachokitaka, na muda si mrefu njiwa akawa anaurusha mpira huku na huku kama mchezaji. Darasa zima liliandika kimya kimya. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu, mkufunzi akaniuliza kulikoni, nikamwambia kuwa mjomba wangu ana gari la ng'ombe.

Sikueleweka siku ile, na sikulaumu mtu. Lakini ndani ya masomo yale nilimkuta mjomba kila ukurasa. Ule mlio wa ulimi, kwa mfano. Mfano wake mzuri uko hapa hapa nchini, Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya huanza na mlio mdogo wa kidude cha mkononi: mlio, chakula, mlio, chakula, mpaka mlio wenyewe unageuka habari njema. Baadaye hupewa harufu ya baruti aitafute, na akiipata tu husikia mlio, kisha ndipo ije ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akafichua zaidi ya mabomu na masalia 100 ya vita, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na taasisi ya wanyama ya Uingereza, PDSA. Panya, si mtu. Siri ya mlio ni kwamba unafika kwa wakati. Mkono wenye ndizi siku zote huchelewa kidogo, na kile mnyama anachokifanya ndani ya kuchelewa huko ndicho kinacholipwa. Mjomba alipiga ulimi mguu ukiwa bado hewani. Mimi nilizunguka nyuma ya gari.

Na kamba je? Hapa wanafunzi wengi wa ualimu hukwama kwenye mtihani, maana husikia "uimarishaji hasi" wakadhani ni adhabu. Siyo. Adhabu inakuja ili jambo likome. Kamba ya mjomba ilikazwa ili ilegezwe: Tajiri alinyanyua mguu, kero ikaondoka, akajua kunyanyua mguu kunaondoa kero. Kuondokewa na kero nako ni malipo, tena wakati mwingine ni matamu kuliko ganda la ndizi.

Hilo la mwisho nililijua kwa ngozi yangu kabla sijamjua Tajiri.

Chuoni kwetu, nasema chuo cha Kurani, mwalimu alikuwa na bakora ya mpera. Nitamtendea haki: hakuwa mtu wa kupiga ovyo, na juzuu ya Amma ninayoisoma leo bila kutazama msahafu ni kazi yake, Mungu amlipe. Lakini alikuwa na desturi. Kabla hajainuka kupita nyuma yetu, aliigongagonga bakora juu ya jamvi. Ta, ta, ta. Kisha akaanza kutembea, na mgongo wa mmoja wetu ulikuwa na habari yake. Haukupita muda bakora haikuhitajika tena. Ta ya kwanza tu ilitosha: koo linakauka, viganja vinalowa, sauti ya darasa zima inapanda.

Ivan Pavlov, Mrusi, hakuwa akitafiti tabia alipoanza. Alikuwa mtu wa matumbo. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilikuwa kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula. Ila mbwa wake walikuwa wakimharibia hesabu, kwa sababu mate yaliwatoka kabla chakula hakijafika mdomoni. Badala ya kukasirika, akageuza kero ile kuwa utafiti. Akawasikilizisha mbwa mlio, mara nyingi wa kidude cha kupimia mwendo wa muziki, kisha chakula, na baada ya kurudia rudia, mlio peke yake ukawatoa mate. Sisi chuoni tulikuwa mbwa wa upande wa pili: kwao mate yalitoka, kwetu yalikauka.

Ninachotaka kusema hasa ni kile tulichojifunza pembeni ya Kurani. Nilijifunza kukaa nyuma ya mvulana mkubwa kuliko wote. Nilijifunza kutikisa midomo bila sauti pale wenzangu wanapoitikia kwa pamoja, ili makosa yangu yasisikike. Nilijifunza kuumwa tumbo Jumamosi asubuhi, na tumbo liliuma kweli, sikuwa nikidanganya. Kila kimoja kati ya hivyo kiliniondolea kero, kwa hiyo kila kimoja kilikaa. Mwalimu alidhani bakora yake inafundisha somo moja, kumbe inafundisha manne, na hayo matatu mengine hakuyaona kwa sababu yalikuwa yametengenezwa ili asiyaone.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1920 wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner, huko Baltimore, Marekani, walichapisha jambo hilo hilo kama uvumbuzi: walimwonesha mtoto mchanga panya mweupe huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma yake, na mtoto akatoka na woga si wa panya tu, bali hata wa sungura na vitu vingine vya manyoya. Hawakumtoa woga ule kabla hajaondoka mikononi mwao, na leo hakuna chuo kikuu ambacho kingewaruhusu. Nikisoma habari ile huwa nafikiria ung'ongo: jani tu la ukindu, la kusukia majamvi na vikapu, halina kosa lolote.

Lakini si kila kilichofungwa ndani yetu ni woga. Harufu ya karafuu, kwa mfano. Mtu wa Pemba akiniambia kuwa harufu hiyo haimfanyi chochote, nitamuuliza kalelewa wapi. Kwetu msimu ulikuwa ndio mwaka. Jioni magunia yanamwagwa ukumbini, nyumba nzima inakaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinageuka rangi, na watu wazima wanasimulia hadithi ambazo siku nyingine wangetufukuza tusizisikie. Kesho yake majamvi yanaanikwa kila uwanja, mtu akitazama wingu watoto wote wanatimua mbio kuanua. Kisha karafuu zinauzwa, na baada ya kuuzwa zinakuja nguo. Viatu. Nyama. Mpaka leo nikipita mahali karafuu zimeanikwa mwili wangu unachangamka wenyewe, kama kuna mtu anakuja na mzigo.

Mke wangu ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, nchi ya mawe na minazi. Msimu wa kwanza niliomleta Pemba aliziba pua kwa ncha ya kanga tangu Konde mpaka nyumbani. Nikadhani ana kichefuchefu, na bi mkubwa wangu, yaani mama, akadhani mengine, akaanza kutabasamu. Kumbe utotoni aliugua gego muda mrefu, akawa anatiwa pamba yenye mafuta ya karafuu kila usiku. "Nikisikia harufu hii," aliniambia, "taya langu linaanza kungoja." Jino lenyewe lilishang'olewa miaka mingi. Tulisimama pale uwanjani, harufu ile ile katika pua mbili, mmoja anangoja viatu na mwingine anangoja maumivu.

Nikiwa bado kwenye karafuu, niseme na la pishi. Mchumaji hulipwa kwa kipimo: pishi ngapi umeleta, fedha ngapi unapata. Malipo ya namna hiyo huwafanya watu wafanye kazi kwa kasi ya ajabu, na Skinner aliyaona hayo hayo kwa njiwa waliolipwa kwa idadi ya madono. Lakini pishi haiulizi tawi limekuwaje. Mkono unaotaka vikonyo vingi kwa haraka huvuta tawi zima, na tawi likikatika, mwenye mkarafuu ndiye anayelia mwakani. Kila msimu nilisikia wazee wakiwaita wachumaji watu wasio na huruma na mti. Sikuwahi kumsikia mzee hata mmoja akisema kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kikapu nyuma ya gari.

Ungedhani basi mtu aliyeyajua haya yote angekuwa mwalimu hodari tangu siku ya kwanza.

Nilipangiwa darasa la tatu katika skuli moja ya kijijini. Nikaapa sitashika bakora, na kiapo hicho nimekitimiza. Badala yake nilinunua mfuko wa pipi. Jibu sahihi, pipi moja. Kusoma ukurasa bila kukwama, pipi mbili. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa juu mpaka nikaona kwapa za darasa zima. Mwalimu mkuu alipita dirishani akanipongeza, na pongezi ile nayo ilikuwa pipi yangu, nikaongeza bidii katika upumbavu.

Wiki ya tatu nilianza kusikia swali jipya kila asubuhi: "Mwalimu, leo zipo?" Zikiwapo, tunasoma. Zisipokuwapo, darasa linapoa kama chai. Wengine waligundua kuwa ukurasa wenye picha kubwa una maneno machache, wakawa wanachagua huo huo kila siku. Sikuwa nimelipa kusoma. Nilikuwa nimelipa kumaliza ukurasa.

Lililoniuma zaidi ni la msichana mmoja. Kabla ya pipi alikuwa akibaki wakati wa mapumziko, anakaa chini ya dirisha na kitabu chochote kilicho mkononi, hata cha hesabu, anakisoma kwa mnong'ono. Hakuna aliyemwambia. Baada ya pipi akaacha. Nilimuuliza mbona hasomi tena mapumziko, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mapumziko si hutoi, mwalimu?"

Usiku ule nilikumbuka utafiti wa mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wa mwaka 1973. Walikwenda kwenye skuli ya watoto wadogo Marekani, wakatafuta watoto wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi wakaahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wengine wakapewa cheti kile kile bila kuahidiwa, kama jambo la ghafla, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, wale walioahidiwa ndio waliokuwa wakizigusa kalamu kidogo kuliko wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupoteza hamu. Nilipousoma utafiti ule chuo cha ualimu niliuona kuwa ni mchezo wa maneno. Sasa ulikuwa umekaa chini ya dirisha langu.

Nikaacha pipi. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya, sitaficha. Kisha nikaanza kuandika vikaratasi. Kimoja kinasema, "Tazama nyuma ya kabati." Nyuma ya kabati kuna kingine: "Muulize Mwalimu Mkuu jina la paka wake." Asiyeweza kusoma hafiki popote, anayesoma anafika, na kufika kwenyewe ndiko malipo, sikuhitaji kuweka mkono wangu kati. Nikaacha pia kubeba madaftari nyumbani na kuyarudisha baada ya wiki. Nikawa napita kati ya madawati na kalamu nyekundu, nasahihisha mtoto angali anaandika, jibu likiwa bado hewani kama mguu wa Tajiri. Yule msichana alirudi chini ya dirisha mwezi wa nne hivi. Sikumsifu. Nilijifanya sikumwona, na kujizuia kule kulinigharimu.

Nyumbani mambo hayakuwa hayo. Binti yetu alipofika miaka minne aligundua duka la njiani, na ndani ya duka aligundua mabuyu. Akayalilia. Nikisema hapana, analia zaidi. Siku nyingi nilishikilia hapana yangu. Lakini siku nyingine nina mzigo mkononi, jua kali, mwenye duka ananitazama kama mtu mchoyo, nikasema haya, mpe kimoja. Nilidhani kuwa mkali mara nne na laini mara moja ni ukali. Kumbe nilikuwa namfunza kuwa kilio cha dakika tano kikishindwa, kipo cha kumi.

Skinner aligundua jambo hili kwa uhaba, jambo ambalo sisi watu wa visiwa tunalielewa. Alikuwa akijitengenezea vidonge vya chakula cha panya kwa mkono, na Jumamosi moja akaona akiba inakwisha. Badala ya kumlipa panya kila anapobonyeza, akaamua amlipe mara moja tu kwa dakika. Panya hakuacha kubonyeza. Na utafiti uliofuata ukaonesha kuwa tabia iliyozoea kulipwa mara moja moja huchelewa kufa kuliko ile iliyolipwa kila mara, maana mwenye kulipwa kila mara akikosa mara tatu anajua mambo yamebadilika, na mwenye kulipwa kwa bahati hajui kama leo ni mwisho au ni mkosi tu. Jirani yetu, mvuvi wa mshipi, anaweza kurudi siku sita na visamaki vya kulishia paka, na siku ya saba yumo baharini kabla ya alfajiri kwa sababu ya nguru mmoja aliyempata wakati mimi bado mwanafunzi. Mkewe humsimulia nguru yule kwa jina, kama mke mwenza.

Mimi na mke wangu tukaapa: hakuna buyu la kilio tena, hata mara moja. Vitabu vilinionya kuwa tabia inayonyimwa malipo hupanda kwanza kabla ya kushuka. Sikujua ingepanda wapi. Siku ya nne ilipandia mbele ya msikiti, waumini wakitoka kusali alasiri. Binti alilala chali njiani na kanzu nyeupe zikapita kushoto na kulia kwake, kila mmoja na usia wake. Nikastahimili. Siku ya tano alilia nusu ya pale. Siku ya sita hakulia kabisa, nami nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamkuta amekaa kwa bi mkubwa wangu, mdomo mwekundu.

"Mtoto kaja ananung'unika," mama alisema, "na wewe na ualimu wako unamtazama tu?"

Huyu ndiye mama aliyenilea kwa "mchelea mwana kulia hulia yeye." Alilisema kwangu kila wiki. Ujukuu ulikuwa umelifuta.

Mama hagombezwi. Nilikaa naye, nikamnywesha kahawa, nikamwambia mabuyu ni haki yake kumpa mjukuu wake, siwezi kumzuia, ila namwomba ampe kwa jambo zuri na si kwa kunung'unika. Akafikiri. Akasema atampa akija kumwamkia vizuri. Nikaona nimeshinda.

Wiki mbili baadaye binti alikuwa akimwamkia bibi yake kila akipita mlangoni. "Shikamoo bibi," anaingia. "Marahaba." Anatoka. "Shikamoo bibi," anaingia tena, kiganja wazi. Nilihesabu siku moja nikaachia kumi na tisa. Mke wangu aliniuliza nacheka nini peke yangu, nikamwambia nimemwona Tajiri.

Mwaka jana tulimpeleka chuoni. Si kile nilichosoma mimi. Mwalimu ni dada kijana, mwenye sauti ya upole, na bakora sikuiona popote. Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza mpaka uwanjani, nikasimama chini ya mwembe nihakikishe halii. Watoto walikuwa wakipiga kelele ukumbini. Mwalimu akachukua rula akagonga meza.

Ta, ta, ta.

Watoto wote wakageuka kwa furaha, kwa sababu, kama nilivyokuja kujua baadaye, baada ya mlio ule huja kaswida. Binti yangu aliuachia mkono wangu na kukimbilia ndani bila kuaga. Niliitazama milango ile muda mrefu kidogo, kisha nikafuta viganja kwenye kanzu, cha kulia, halafu cha kushoto.